Kutoka Arusha hadi Dodoma kwa Masikio

Mtu anayetaka kusikia makundi yote manne ya lugha za Afrika bila kuvuka mpaka wa nchi ana njia moja ya kufuata. Inatoka Arusha, inachepuka Makuyuni, inapanda Karatu na Mbulu, inazunguka Hanang, kisha inashuka Babati na Kondoa hadi Dodoma. Humo wamo Wabantu, Waniloti, Wakushi, na wenye lugha za vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi kinywani, ambazo vitabu vya zamani viliziweka kapu moja kwa jina la Khoisan. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, lakini nyingi ni za Kibantu. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya utapishana na lugha kadhaa, zote ndugu wa tumbo moja. Huku kwenye Bonde la Ufa, kijiji kimoja na kinachofuata vinaweza kuwa mbali kilugha kuliko Kiswahili na Kizulu.

Nilisafiri Juni, na mwezi huo nausifia kwa sababu mbili. Masika yameshapita, hivyo njia za kushuka kwa Wahadzabe, Mang'ola na Yaeda, zinapitika. Tena mavuno yameingia, na minada imechangamka. Mnada ndio darasa la safari hii. Minada mingi ya upande huu hupangwa kwa tarehe ya mwezi, si kwa siku ya wiki, kwa hiyo swali la kumuuliza kondakta ni "mnada ni tarehe ngapi?" Usafiri ni basi hadi miji mikubwa, kisha Noah au Land Cruiser ya abiria, kisha bodaboda.

Arusha mjini lugha ya kazi ni Kiswahili, na anayetafuta Kimeru au Kimaasai sokoni atakisikia vipande vipande tu. Hapa kuna jambo linalowapoteza wageni wengi: Wameru wa mlimani wanasema lugha ya Kibantu iliyo jirani na Kichaga, ilhali Waarusha walio pembeni yao, wakulima kama wao, wanasema Kimaa, lugha ile ile ya Wamaasai. Kumjua mtu lugha yake kwa kuangalia kama ana jembe au ng'ombe hakusaidii kitu.

Kimaa chenyewe kilinijaa masikioni ndani ya basi kuelekea Makuyuni. Mwanamume husalimiwa "Supai", naye hujibu "Ipa". Mwanamke husalimiwa "Takwenya", naye hujibu "Iko". Watoto huinamisha kichwa ili mkubwa awaguse utosini. Ukimpa mtoto mkono badala yake, watu watacheka kwa upole. Mgumu ni mpangilio wa maneno. Kimaa hutanguliza kitenzi: "amemwona mama mtoto." Sasa nani kamwona nani? Jibu liko kwenye toni ya nomino, yaani sauti inavyopanda na kushuka. Nomino ile ile ina toni moja ikiwa mtenda na toni nyingine ikiwa mtendwa. Anayeandika Kimaa daftarini bila alama za toni amebaki na sentensi isiyojulikana nani kafanya nini, na hilo ndilo tatizo la orodha nyingi za maneno zinazosambazwa simuni.

Mto wa Mbu niliupita haraka. Kilimo cha umwagiliaji kilivuta watu kutoka kila upande wa nchi, na pale watu wa kila kabila wanapokutana, Kiswahili kinashika usukani. Ni mahali pazuri pa kula ndizi nyekundu.

Ukimaliza kupanda ukuta wa bonde, soma vibao vya barabarani. Rhotia, Qurus, mbele zaidi Tlawi, na upande wa Babati Qash na Qameyu. Herufi Q haimo katika alfabeti ya Kiswahili, na silabi kama "tla" hatuna. Umeingia kwa Wairaqw. Wenyewe hujiita hivyo. "Wambulu" ni jina la mji walilopewa na wengine, na ingawa wengi hulitumia bila kinyongo, ukisema Wairaqw utaonekana umekuja na adabu.

Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, jamaa wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Msomaji aliyepita madrasa ana bahati hapa. Sauti inayoandikwa hh ni ile ya herufi ح ya Kiarabu, na inayoandikwa kwa mkwaju, /, ni ع. Ukiweza kusoma Alhamdu vizuri, koo lako liko tayari. Sl ni kazi zaidi: weka ulimi kama unataka kusema "l", usitoe sauti, kisha puliza hewa itoke mbavuni mwa ulimi. Tl ni hiyo hiyo ikianza kwa kuziba na kupasua kwa nguvu. Kosa la kawaida ni kuitamka sl kama "s" ikifuatwa na "l", sauti mbili zilizounganishwa. Mwenyeji atakuelewa mara moja au mbili, mara ya tatu atahamia Kiswahili, na somo lako litakuwa limekwisha.

Salamu ya "saita" inakutosha kuanzia. Mzee wa kiume ni "aako" na bibi ni "aama", nami nashauri utumie maneno hayo kabla ya jina lolote. "Shikamoo" nayo inapokelewa vizuri kila mahali kwenye njia hii. Katika sentensi, kitenzi huwa mwishoni: "mama ugali anapika," si "mama anapika ugali." Kwa hiyo kati ya Makuyuni na Karatu, mwendo wa saa chache tu, kitenzi kimetoka mwanzoni mwa sentensi hadi mkiani, na Kiswahili chenye kukiweka katikati ndicho kinachowasuluhisha.

Majina ya mahali yana tabaka. Vijiji vingi huku vinaanza na Enda-: Endabash, Endamarariek, na upande wa Hanang Endasak na Endagaw. Majina hayo ni ya Kidatooga, ijapokuwa Endabash leo utakaribishwa kwa Kiiraqw. Wairaqw walitoka kwenye kitovu chao cha milimani, Irqwar Da'aw, karibu na Kainam kusini mashariki mwa mji wa Mbulu, wakasambaa hadi Karatu hasa katika karne ya 20. Waliotangulia waliondoka au wakachanganyika, majina yakabaki ardhini. Anayetaka kujua lugha gani ilikuwepo kabla aanze na mito na vilima, maana hivyo hubadilishwa jina mwisho.

Kuhusu kurekodi maneno, niseme mapema kabla hatujafika Mang'ola, maana huko ndiko watu wengi wanakoharibu. Utafiti rasmi unahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Hata mpita njia mwenye simu apite kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, ajitambulishe, ndipo aanze. Kisha usiulize "mkono mnauitaje?" huku ukinyoosha kidole. Utaandikiwa "kidole", au "mkono wako", kwa sababu katika lugha nyingi za huku kiungo cha mwili hakitajwi bila mwenyewe, na umiliki umeshonwa mwishoni mwa neno. Uliza mkono wangu, wako na wake, ulinganishe, ndipo utaona shina liko wapi. Neno likitamkwa peke yake sauti hushuka mwishoni na toni hupotea. Mwombe msemaji aliweke katikati ya sentensi, mfano "alisema mkono jana", arudie mara tatu. Simu ikae kama sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isipigwe na pumzi. Zima kipengele cha kupunguza kelele, maana kinaweza kukihesabu kidoko kuwa kelele na kukimeza. Wala usitegemee sauti iliyotumwa kwa WhatsApp, imebanwa.

Kutoka Karatu kushuka Mang'ola ni kama kilomita 50 za vumbi na mawe. Chini kuna joto, chemchemi za maji safi, na mashamba ya vitunguu yasiyokwisha macho. Vitunguu vimeleta Wairaqw, Wanyisanzu, Wanyaturu, Wachaga na wengineo, na pale Ghorofani utasikia Kiswahili cha kila lafudhi. Wahadzabe wako pembezoni, kwenye miti na miamba kuzunguka Ziwa Eyasi. Mgeni hulipa ada na kupewa mwongozaji. Maelewano ya bei yafanyike kabla ya kuondoka, risiti iombwe. Pombe usibebe kama zawadi. Imewaumiza watu vya kutosha.

Wasemaji wa Kihadza wanakadiriwa kuwa elfu moja na kitu. Lugha hii haina ndugu anayejulikana duniani. Vidoko vyake ni vya aina tatu: cha kwanza ulimi ukigusa nyuma ya meno, ule mlio wa mtu anayesikitika, cha pili ulimi ukipachikwa kwenye ufizi wa juu na kung'olewa kwa kishindo, cha tatu ubavuni mwa ulimi, kama anayemhimiza punda. Katika maandishi ni c, q na x. Kila kimoja kinaweza pia kutoka na sauti ya puani, au kufuatwa na koo kufungwa. Ugumu wa mwanagenzi hauko kwenye kidoko chenyewe, kwa kuwa mtoto yeyote anaweza kukitoa. Ni irabu inayofuata: mgeni hupiga kidoko, akatulia kidogo, ndipo akasema "a". Kwa Mhadzabe hayo ni mambo mawili yasiyohusiana. Anza na irabu mbili, a-a, uzirudie haraka, kisha ingiza kidoko katikati bila kusimama.

Salamu ni "mtana", na jibu ni hilo hilo. Kuhesabu kunaonyesha historia ya jirani zao: moja na mbili ni za kwao, tatu imetoka Kidatooga, nne na tano zinaelekea Kisukuma. Tena mnyama mkubwa ana jina lake la kawaida na jina jingine analotajwa nalo akishauawa, kwa hiyo ukionyesha picha ya pundamilia na ukiwa mbele ya mzoga unaweza kupata majibu mawili tofauti, yote sahihi.

Karibu na hapo wako wahunzi wa Kidatooga wanaoyeyusha vyuma chakavu kutengeneza bangili na vichwa vya mishale. Wahadzabe huvitaka vichwa hivyo na hulipa kwa asali au fedha. Biashara hiyo niliisikia ikifanywa kwa Kiswahili kilichochomekwa Kidatooga, na tarakimu zote za bei zilikuwa Kiswahili. Hili utaliona njia nzima: lugha inaweza kushikilia majina ya mimea, jamaa na wanyama, lakini bei huhama mapema. Viunganishi navyo hufuata. "Lakini", "kwa sababu" na "basi" nimevisikia katikati ya mazungumzo ambayo nisingeambulia neno jingine.

Nilirudi Karatu na kukamata gari la Mbulu. Beba jaketi, Mbulu ni baridi. Hapo Kiiraqw ni kizito kuliko Karatu, na ukibahatika kuwa kwenye sherehe ya wazee utasikia slufay, maneno ya sala na baraka yanayotolewa na mzee mmoja kwa mafumbo huku waliokaa wakiitikia kwa pamoja. Si kitu cha kuombwa kifanyike kwa ajili ya kamera. Kijana wa mjini aliyezaliwa na Kiiraqw mwenyewe hukwama katikati ya slufay, kwa sababu maneno yake si ya mazungumzo ya kila siku.

Haydom, magharibi zaidi, ndipo pangefaa kituo cha lugha kama kuna mwenye fedha. Hospitali ya Kilutheri ilianzishwa hapo mwaka 1955, na wagonjwa wanatoka kwa Wairaqw, Wadatooga, Wanyisanzu, Wanyiramba na Wahadzabe wa Yaeda. Makundi yote manne yanakaa benchi moja. Akina mama wa Kidatooga wasiojua Kiswahili huja na mtoto wa shule wa kuwatafsiria, na hapo ndipo penye hatari. Mtoto wa miaka kumi hawezi kutamka habari za uzazi mbele ya mamaye, ataruka maneno. Msafiri anayetaka kutafsiriwa jambo lolote la mwili au la ukoo atafute mtu mzima wa jinsia ile ile.

Kutoka Haydom hadi Katesh, chini ya Mlima Hanang, ni nchi ya Wadatooga, hasa Wabarabaig. Jina "Mang'ati" ambalo Waswahili wengi wanalitumia limetoka Kimaasai na lina maana ya adui, kwa hiyo lisitoke kinywani mwako mbele yao. Majina ya watu ni rahisi kuyatambua: ya wanaume mengi huanza na Gida-, ya wanawake na Uda-. Kidatooga ni cha Kiniloti, nacho hutanguliza kitenzi kama Kimaa, ila hizo mbili hazielewani kabisa.

Hapa kuna mtego mkubwa kuliko yote ya njia hii. Mwanamke wa Kidatooga aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wala la wakubwa wengine wa upande wa mume. Wala haishii kwenye jina. Kama jina hilo linafanana na neno la kawaida, hata kwa silabi za mwanzo, neno hilo nalo huliacha na kutumia jingine badala yake. Wanawake wana akiba nzima ya maneno mbadala kwa kazi hiyo. Sasa fikiria umekaa na mama mmoja, ukamwuliza maneno mia moja. Baadhi ya utakayoandika yatakuwa mbadala, na hatakuambia ni yapi, kwa kuwa kueleza sababu ni kulitaja jina lenyewe. Dawa yake ni kurudia orodha ile kwa mwanamume au kwa msichana ambaye hajaolewa, ukalinganisha. Na usimwulize mama huyo jina la mkwewe, hata kama fomu yako ina nafasi hiyo.

Katesh hadi Babati ni lami. Babati ni ya Wagorowa, na Kigorowa na Kiiraqw wanaelewana, kiasi kwamba watu wa nje huzihesabu lugha moja; Mgorowa atakusahihisha. Kaskazini ya mji, kuelekea Magugu, wako Wambugwe. Hawa ni Wabantu, na ndugu zao wa karibu kilugha ni Warangi wa Kondoa, ingawa kati yao kuna Wagorowa.

Barabara ya Babati hadi Kondoa sasa ni lami yote. Nilishuka Kolo, ambako watalii husimama kwa ajili ya michoro ya miambani, iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wenyeji wa Kolo ni Waalagwa, Wakushi wengine. Lugha yao ndiyo niliyoona imebanwa zaidi, na wanaoibana si Waswahili bali majirani Warangi. Wameoana, wanasali pamoja misikitini, watoto wanakua na Kirangi. Wazee watakujibu Kialagwa, wajukuu waliokaa nao mkeka mmoja watacheka na kuendelea kwa Kirangi. Kelele nyingi kuhusu Kiswahili kumeza lugha za makabila husahau kwamba lugha ndogo mara nyingi humezwa kwanza na jirani wa kati. Lugha mbili nyingine za jamii hiyo ya Kikushi, Kiasaksi cha nyika ya Wamaasai na Kikw'adza cha upande wa Mpwapwa, zilizimika katika karne ya 20.

Kirangi chenyewe kinafurahisha sikio la Mbantu. Kina irabu saba, mbili zaidi ya zetu, kwa hiyo vitabu vyao huongeza ɨ na ʉ. Ukiyaandika maneno kwa irabu tano za Kiswahili utachanganya jozi ambazo kwao ni maneno tofauti. Lakini kubwa ni wakati ujao. Badala ya "nitakaanga", Mrangi husema "kalanga ndiri", kitenzi kikuu mbele, kisha kisaidizi chenye kubeba nafsi. Karibu Wabantu wote hufanya kinyume. Mara akiuliza swali la nani au nini, mpangilio unarudi wa kawaida, kisaidizi mbele. Kimbugwe kina tabia hiyo hiyo. Wako wataalamu wanaoona hapo mkono wa Wakushi, walioishi nao kwa karne nyingi; mimi baada ya kusikiliza Kolo na Kondoa mfululizo naliona hilo lina uzito.

Kondoa mjini Kiswahili ni cha zamani, cha misafara na cha msikiti, na ni laini kuliko cha Babati. Kutoka hapo kwenda Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba, magari ni machache na huondoka alfajiri; aliyechelewa analala. Huko ni kwa Wasandawe, wakulima na wafugaji, makumi ya maelfu ya watu. Nao wana vidoko vya aina tatu zile zile za Mang'ola. Anayedhani ataelewana nao kwa maneno ya Kihadza atashangaa, kwa kuwa mbali na vidoko msamiati haufanani. Wataalamu kadhaa wanakihusisha Kisandawe na lugha za Khoe za Botswana na Namibia, jambo ambalo kwa Kihadza halijawezekana. Wasandawe hawaoni haya kuisema lugha yao dukani, na watoto wanacheza nayo njiani kutoka shule, ingawa darasani katika shule za msingi za serikali ni Kiswahili kama nchi nzima tangu 1967. Idadi yao, kama ya makabila yote, ichukuliwe kwa tahadhari: sensa ya mwaka huo huo wa 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na takwimu unazoziona leo ni makisio.

Dodoma hupokelewa kwa "Mbukwenyi" ya Wagogo, Kibantu tena. Mwenye muda mfupi aache Mto wa Mbu na Hanang, asiache Haydom wala Kolo. Anayeanzia Dodoma aigeuze safari: Kirangi kwanza, sikio la Kibantu lipate pa kushika, vidoko vije baada ya Kiiraqw kumfungua koo. Machi hadi Mei asishuke Mang'ola wala Yaeda, udongo unanasa hata Land Cruiser, na Haydom hadi Katesh asipite usiku.